Mjomba, Bwalo Limesimama

Mjomba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo umezoea, na mama angenigombeza nikiacha. Hali yako siulizi. Yangu ni mbaya, tuendelee.

Bwalo limesimama. Lile lile ulilolidai kila asubuhi mpaka msimamizi wetu akakubandika jina la Mzee Bwalo. Vyumba vyake vilikuja juu ya malori vikiwa tayari, madirisha yake, feni zake. Kreni ikavishusha, tukavifunga bolti kimoja kwa kingine, na kabla hatujaanua tanga lako kule nyumbani kwako Mvumi, watu walikuwa wanakula ndani. Mezani, Mjomba. Kwenye viti! Siku ya kwanza sikuweza kukaa humo. Nilitoka na sahani yangu nikala juani, nimesimama, kwa hasira.

Kumbe ilikuwa kazi ndogo tu. Ofisi za wakubwa zilitangulia, na viyoyozi, kisha vyoo vyao, kisha stoo. Sisi tuliovifunga tukabaki kwenye uwanda ule wa nyuma ya Msalato usio na hata mti, maana katapila liling'oa yote kabla kiwanda hakijaanza kujengwa. Ndiyo maana tulikula kwenye kivuli cha chumba chochote kilichoshushwa. Saa sita kivuli kinakuwa chembamba kama mkanda, na mtu anakaa amebandika mgongo kwenye bati. Kila mtu alikaa hivyo. Msimamizi mwenyewe alikaa nasi siku umeme ulipokatika ofisini, akatuomba na chumvi.

Siku ile ya mwisho wako chumba kilikuwa juu ya matofali ya zege, basi. Bolti za kukishika chini zilikuwa hazijafika, lakini lori lilitakiwa kurudi, tukaambiwa shusheni. Sote tulijua hakijafungwa. Wewe ulijua kuliko sisi. Lakini jua la huku halimwachi mtu afikirie bolti. Tulipoinuka kwenda kunawa, ulibaki unafuta mlenda kwa tonge la mwisho. Ulikula polepole siku zote, na nikikuharakisha unasema, "Chakula hakikimbizwi, mpwa wangu." Upepo wa Dodoma unaujua. Ulikuja na vumbi lake, ukaingia kwa mlango uliokuwa wazi, na chumba kikateleza upande wako.

Mikono yetu ilikuwa bado ina maji. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Siku hizi kila asubuhi, kwenye kile kikao cha usalama, msimamizi anakutolea mfano. "Marehemu alikufa kwa ukaidi. Alikaa mahali palipokatazwa." Anasema kwa upole, kofia mkononi, kama anayekuombea. Na maneno hayana breki, yamefika Mvumi. Nilipowapelekea uwele, mkeo alinivuta kando akaniuliza, "Hivi kweli baba Mwaja alijitakia?" Ndugu zako wameshaanza kuyarudia, na mwanao Mwaja anayasikia shuleni. Nikaona aibu kumjibu nyuma ya nyumba neno ambalo nilikuwa sijathubutu kulisema kazini.

Basi Jumatatu nilinyoosha mkono. Nikauliza palikatazwa lini, na nani, na sisi tulitakiwa tukae wapi. Wenzetu wote wakatazama buti zao. Siwalaumu, wana watoto. Hata saa nne haikufika, nilikuwa nje ya geti, kitambulisho wamechukua. Sasa nashinda chumbani kwangu Nkuhungu nikisikiliza majirani wakienda kazini. Naogopa, Mjomba. Sikufichi.

Jumamosi nilikwenda Mvumi. Nilimweleza mkeo mbele ya ndugu zako wote, kuanzia lori mpaka upepo, na kwamba hata msimamizi aliwahi kukaa kivulini nasi akala. Alikuwa anapeta uwele. Akauweka ungo chini.

"Kumbe alitafuta kivuli tu," alisema.

Halafu akalia, kilio ambacho hakukitoa hata makaburini. Watu walikuwa wamemsifu siku ile kwa kujikaza. Haukuwa ujasiri. Alikuwa amekukasirikia, kwa kudhani ulimwachia watoto kwa ubishi wako. Ulizikwa na mke aliyekununia, Mjomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Kazi nitatafuta nyingine. Popote nitakaposikia unaitwa mkaidi nitasimama, hata wakinitoa getini tena, na Mwaja akikua nitamweleza yote mimi mwenyewe, bila kupunguza.

Kwaheri, Mjomba. Lala. Mkeo anakulilia sasa.

Mpwa wako