Mita Mbili na Nusu za Bi Somoe

Jumatatu, 5 Mei

Ramani kumi na nne za viwanja kabla ya chai. Nimekagua, nimesaini, nimegonga mhuri. Mgongo unauma. Deo, mwenzangu wa ofisi, kaleta chapati na maharage, tumekula juu ya ramani za watu kama kawaida yetu. Mchuzi umedondokea kiwanja cha mtu wa Chamazi. Nimechapisha nyingine.

Mchana kaja mfanyabiashara mmoja, ana duka la vipuri Manzese. Kanunua kiwanja Mbagala, hati anayo, ila jiwe moja la mpaka halioni. Anataka tumtafutie ajenge uzio. Kazi ndogo. Nimemwambia kesho.

Jumanne, 6 Mei

Jiwe halipo. Nadhani halijawahi kuwepo.

Kipimo cha setilaiti kinaniambia songa, songa, bado mita mbili na nusu. Mbele yangu ukuta. Nyuma ya ukuta kitanda cha Bi Somoe. Mjane, mtu wa Newala, marehemu mumewe alikuwa mchonga vinyago. Chumba hicho na jiko lililo ubavuni alijenga yule mzee kwa mikono yake, mie hata shule sijamaliza. Leo ramani inasema vyote viwili viko kwenye kiwanja cha jirani aliyeuza.

Nimemwamkia, kanipa kigoda. Kauliza kuna ishu gani. Nimesema naangalia tu.

"Angalia vizuri, mwanangu," kasema. "Mie sina ugomvi na mtu."

Mnunuzi alikuwa kasimama pembeni anautazama ule ukuta. Sikupenda alivyoutazama.

Njiani nimejifanya sikumbuki nani alipima mtaa ule. Nakumbuka sana.

Jumatano, 7 Mei

Faili nimelitoa. Jina langu, saini yangu, mhuri wangu.

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Utaratibu wa urasimishaji wa makazi ni huu: mwenye eneo anasimama kwenye kona yake, jirani anasimama upande wa pili, mjumbe wa mtaa anashuhudia. Wakikubaliana, jiwe linawekwa, ndipo wanasaini. Sie tuliona matope. Tukawaita watu ofisi ya serikali ya mtaa, tukawapanga foleni, wakasaini siku moja fomu za kona ambazo hawakuonyeshwa. Dole gumba la Bi Somoe lipo hapa, limekolea wino.

Mipaka tukachora mezani, kwa picha ya droni. Jirani alikuwa na mti mkubwa wa mkungu, matawi yake yamefunika bati la Bi Somoe. Kwenye picha huoni nyumba, unaona majani. Mwisho wa majani tukaufanya mpaka wa jirani. Mti wenyewe walishaukata.

Droni aliirusha mtu mwingine, mistari alichora mtu mwingine. Lakini mwenye leseni ni mie, na mie ndiye niliyepitisha. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na haraka tu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemwambia Deo. Kafunga mlango kwanza.

Kasema bodi ya wapima ikijua, leseni imekwenda na ofisi imekwenda. Kasema mtaa mzima utataka kupimwa upya. Kasema yule bibi ashauriwe aelewane na mnunuzi. Nimemuuliza aelewane nini, alale nusu kitanda? Nimemtolea maneno mabaya. Baadaye nimemwomba radhi. Deo si mtu mbaya, ana hofu, na mie ninayo hiyohiyo.

Kanuni zetu mie mwenyewe huwafundisha wanaokuja mafunzoni. Ukigundua umekosea unasema. Kwa maandishi, kwa kila anayehusika, mapema. Huwaga nalisema hilo kwa sauti ya mtu asiyekosea.

Barua sijaandika.

Jumatatu, 12 Mei

Mnunuzi kapiga mara tatu. Ya tatu nimepokea. Anataka jibu kuhusu jiwe lake. Nimesema bado napitia mafaili. Nimempiga danadana, mtu mzima na akili zangu.

Sikumwambia ramani ina kosa. Sikumwambia asiguse kitu.

Barua ya bodi nimeiandika. Iko kwenye kompyuta. Nimebadilisha neno "uzembe" nikaweka "upungufu", nikarudisha "uzembe", nikafunga. Mwoga.

Jumatano, 14 Mei

Mjumbe kapiga saa tatu asubuhi. Wamebomoa.

Nimekwenda. Ukuta chini, chumba kimeachama, mafiga ya Bi Somoe yako chini ya matofali. Yeye anaokota vyombo, kimoja kimoja, anafuta kwa upande wa khanga. Halii. Afadhali angelia.

Mnunuzi hakuwa na wasiwasi. Kanionyesha ramani iliyo kwenye hati yake, kidole kwenye jina langu.

"Si wewe mwenyewe umeandika, sista?"

Hakunikejeli. Aliuliza kweli. Kaamini karatasi, kama watu wanavyotakiwa kuamini.

Nimesema palepale, mbele yake na mbele ya mjumbe. Kwamba ramani ni ya uongo. Kwamba hatukuja kupima. Kwamba ukuta ulikuwa kwa Bi Somoe, na kosa ni langu.

Bi Somoe kaacha sufuria. Kaniuliza nimejua lini.

Nikasema, "Jumanne ya wiki iliyopita, mama. Siku ile uliponipa kigoda."

Kaendelea kuokota.

Alhamisi, 15 Mei

Barua imekwenda bodi. Nakala halmashauri, nakala kwa mnunuzi, nakala kwa Bi Somoe kupitia mjumbe. "Uzembe" nimeacha uzembe.

Deo kahamisha vitu vyake. Hakuaga. Aibu imenivaa, lakini kifua kimepungua uzito kidogo, na hilo nalo linanichukiza. Mie nimepata nafuu na bibi hana jiko.

Jumatatu, 2 Juni

Baraza la ardhi. Nimesema yote kama yalivyo. Wakili wa mnunuzi kaniuliza mara mbili kama naelewa ninachojifanyia. Nimejibu naelewa.

Wameamua mpaka urudi ulipokuwa. Nitapima mie, chini ya usimamizi wa mpima wa wilaya, kisha bodi itakaa na suala la leseni yangu. Mnunuzi katoka kanipita kama hanioni. Ana haki.

Bi Somoe alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Uamuzi uliposomwa hakubadilika sura. Nilimfuata nje, alikuwa kashaondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Tumefika Mbagala asubuhi. Mpima wa wilaya, mjumbe, mnunuzi, mie. Bi Somoe hayupo. Kahamia kwa kaka yake Newala, wiki sasa. Chumba kile hakina mtu, majirani wameanika nguo kwenye kipande cha ukuta kilichobaki.

Mjumbe kanipa namba. Nimempigia. Nimemwamkia, nikaeleza kwamba tupo kwake, tunataka kuweka jiwe pale penye haki yake.

Kasema taratibu, bila hasira:

"Weka unapoona mwenyewe. Mara ya kwanza mbona hukunihitaji."

Kakata.

Mpima wa wilaya alikuwa keshachimba shimo. Kasema msingi wa ukuta unaonekana, hakuna ubishi, mjumbe anaweza kusaini kwa niaba yake na inakubalika. Kweli inakubalika. Mjumbe keshashika kalamu.

Nimekataa. Tumefukia shimo, tumefunga vifaa. Mnunuzi kauliza atasubiri mpaka lini. Nimemwambia mpaka mwenyewe aje.

Nimekata tiketi ya Newala, basi la Jumatatu. Sijui kama atanifungulia mlango.