Beringi ya Gari la Duni

Jambiani, 7 Juni 1954

Mdogo wangu Usi,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na tajiri wako hapo gereji hajambo? Sisi wazima, ila gari linaumwa. Gurudumu la mbele la kulia linanguruma hata abiria wanashuka njiani, wanaona bora miguu yao.

Ijumaa ya tarehe 18 shemejiyo Duni kaahidi kumpeleka Makunduchi bi harusi, binti wa Bi Sichana, na mashangazi zake wote. Silima wa Uroa, yule mwenye gari jipya, keshakuja kulitazama letu, kacheka. Kasema Duni akishindwa na harusi hiyo, atalinunua yeye alivunje auze vipuri. Na Duni kasema akiliuza anarudi Pemba kuunda mashua. Usi, mimi mume wangu simwachi aende. Njoo ulitengeneze.

Dadaako, Mwanakheir

Mjini, 9 Juni

Dada yangu, shikamoo. Barua imefika, nashukuru nyote wazima. Mimi kikohozi kimekwisha, lakini ruhusa sikupewa. Hiyo ni beringi imekufa. Nimempa jirani yenu Mashavu akuletee mpya, na kopo la grisi. Shemeji fundi wa mashua, spana haitamshinda.

Mdogo wako, Usi

Jambiani, 13 Juni

Usi, salamu. Afya njema, hasira tele. Duni kaitazama grisi yako, kasema samli hiyo. Kaipaka beringi sifa, yale mafuta ya papa anayozipaka mashua, maana mashua zake hazijapata kuvuja. Kisha nati ya katikati kaikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hatujafika Paje, gurudumu likafuka moshi. Paka wametufuata mpaka nyumbani.

Nilipotaka tukuulize, kasema hafundishwi na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Sasa kakaa barazani, spana hataki kuigusa. Basi nifundishe mimi.

Dadaako, Mwanakheir

Mjini, 14 Juni

Dada, shikamoo. Poleni, ingawa nimecheka mpaka tajiri kanikaripia. Ioshe beringi kwa mafuta ya taa. Golori, vile vidude vya mviringo vya chuma ndani yake, zikiwa bado zinang'aa, imepona. Ijaze grisi, irudishe, kaza nati ya katikati huku unazungusha gurudumu. Likianza kuwa zito, ilegeze kidogo tu: lizunguke kwa kidole, lakini lisicheze ukilitikisa. Hapo tia pini, nati isizunguke tena. Mwambie shemeji mashua hukazwa isipitishe maji. Hili gurudumu kazi yake kuzunguka.

Nati za nje usizifuate kwa mduara. Kaza moja, kisha inayoikabili, lisikae upande. Ukishateremsha jeki, zirudie kwa nguvu zako zote. Njiani shuka, weka kiganja katikati ya gurudumu kama unavyompima mtoto homa.

Mdogo wako, Usi

Jambiani, 19 Juni

Usi, mdogo wangu, uko salama? Mimi nna grisi kwenye kucha, hina ya harusi imeharibika, na sijali.

Nilijifunga kanga nikapiga magoti mbele ya gurudumu. Duni kaja, kasimama kunitazama. Nilipoikaza nati kisha nikailegeza, akashtuka: "Unailegeza?" Nikampa barua yako. Akaisoma, akachutama, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka bila hata kunong'ona. Nati za nje kazikaza yeye, mimi nikimtajia ipi.

Jana wanawake waliimba Jambiani mpaka Makunduchi, na safari hii nyimbo zilisikika. Kila tuliposimama nilishuka nikaweka kiganja. Baridi.

Silima alikuwa Makunduchi anatungoja tushindwe. Akainama, akaligusa mwenyewe, akatafuta joto, hakulipata. Akamuuliza Duni katengenezewa na fundi gani wa mjini. Duni, mbele ya wanaume wote wa harusini, akasema, "Mke wangu. Yule pale, mwenye kucha nyeusi."

Nililia, Usi, sikufichi. Gari haliuzwi, Pemba haendi mtu. Duni anakusalimu sana, anaomba kopo jingine la grisi, kubwa. Sifa kawamwagia paka.

Dadaako, fundi