Herufi Nne za Mlangoni

Jumapili, 3 Machi

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku wazima, ila mama anarudi kutoka kazini sauti imemkauka.

Bibi, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Anayebandua herufi kwenye mlango wa ofisi ya mama ni mimi.

Tangu mama achaguliwe diwani, akawashinda wanaume wawili, karani wa halmashauri amembandikia mlangoni herufi za plastiki: MAMA DIWANI. Milango mingine yote imeandikwa DIWANI, basi. Mimi humsubiri mama pale nikitoka shule. Korido ikiwa tupu, nachukua rula nabandua MAMA. Karani anabandika tena. Nabandua tena. Mkebe wangu wa kalamu umejaa.

Shuleni tunasoma kwa lugha mbili. Kwa Kiingereza, cheo kama hiki walikishonea suruali kwanza, "councilman", sketi ya "councilwoman" ikaja baadaye kwa kusuasua. Nilikuwa nikijivunia Kiswahili chetu: diwani ni diwani. Kumbe watu wakitaka wanamshonea gauni wenyewe.

Na si mlango tu. Kikaoni wenzake wanaitwa Mheshimiwa. Chai ikifika, birika linawekwa mbele yake. "Mama Diwani, tuhudumie." Nimeyaona kupitia dirishani. Anamimina, halafu hoja yake ya mtaro inasogezwa kikao kijacho. Nikimuuliza anasema, "Jina halichimbi mtaro, mwanangu. Niache nifanye kazi."

Sasa karani anasema mbanduaji ni mzee mfagizi, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa jengo. Asipojieleza kabla ya kikao cha tarehe ishirini, hana kazi. Nifanyeje? Mimi hata jina langu likiitwa darasani naitikia kwa kunong'ona.

Mama anakuja huku. Nafunika karatasi kwa kitabu cha kemia.

Mjukuu wako

---

Jumatatu, 11 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti linauma likitaka, nami natembea nikitaka.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaitoa tena. Hilo jina unalolikwangua na rula ni langu. Babu yako alipokuwa diwani, watu wote waliniita Mama Diwani, na hawakuniita bure. Waliogombania mpaka wa kiwanja walianzia mlango wangu wa jikoni. Mimi nasikiliza, usiku namweleza babu yako, asubuhi anayasema kikaoni utadhani kayaota. Birika hilo nililishika mimi. Nikishamaliza kumimina naambiwa, "Ahsante mama," na mlango unafungwa nyuma yangu. Kwa hiyo usilione jina langu kama uchafu wa ukutani.

Ila lilikuwa jina la mtu asiyepigiwa kura. Mama yako kapigiwa. Wanapomwita hivyo wanamvisha nguo yangu ili akakae kwenye kiti changu, na kiti changu kilikuwa koridoni. Sitaki. Waambie Mama Diwani yu hai, na jina lake hajamwazima mtu.

Na huyo mzee mfagizi asibebe jeuri yako. Ukivizia korido tupu, anayelipa ni mwingine. Nenda mchana, watu wakiwepo.

Bibi yako,
Mama Diwani mwenyewe

---

Jumanne, 19 Machi

Kwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti linakutii.

Nimekwenda leo mchana. Karani alikuwa na madiwani watatu. Nikamwaga mkebe mezani kwake, herufi zikaruka mpaka kwenye kikombe chake.

"Mzee mfagizi hajui lolote," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe? Usiyeweza hata kusalimia watu?"

"Shikamoo," nikasema, na koridoni wakasikia.

Diwani mmoja akacheka. Karani hakucheka. "Mtoto, mama ni heshima. Hata aliyenizaa namwita mama."

"Na mwenyekiti mnamwita Baba Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ni mwenyekiti."

"Huwa anamimina chai?"

Nikawafikishia salamu zako, neno kwa neno, na ya mlango wako wa jikoni pia. Diwani aliye mkubwa kuliko wote akavua miwani. "Yule bibi alinipatanisha na kaka yangu," akasema. "Siku zote nilidhani ni mumewe." Halafu akaiokota M moja kwenye sahani ya kikombe, akaitia mfukoni.

Karani kaandika kwamba mzee mfagizi hana kosa. Nilisimama palepale mpaka akagonga muhuri. Lakini mimi nimepigwa marufuku kwenye jengo, na kesho mama anatakiwa asimame kikaoni aombe radhi kwa niaba yangu, la sivyo hoja ya mtaro haisomwi. Jioni hii ndiyo anaambiwa. Mpaka mchana alikuwa hajui lolote, Bibi, na huo mtaro ndio aliowaahidi watu.

Sijui atachagua nini. Mimi siombi radhi.

Mlango wa nje umefunguka. Leo hajavua viatu, anakuja moja kwa moja. Kitabu cha kemia kiko hapa kiwikoni, nakiacha palepale. Karatasi iko wazi.

Mjukuu wako,
binti wa Diwani