Rula, Ramani na Maiti ya Jirani

Temeke, Jumatano. Joto limetulemea tangu asubuhi, wala hakuna upepo. Nimeoga mara mbili, lakini harufu haijanitoka puani.

Najichukia leo.

Jirani yangu Mzee Athumani, mchonga vinyago, alifariki Jumatatu alfajiri. Mwanawe wa pekee, Saidi, anasomea uhandisi Moscow. Mimi ndiye niliyemfundisha jiografia. Alipelekewa telegramu, na jibu lake likafika alasiri: "Napanda ndege leo. Nisubirini."

Shehe alitaka maiti izikwe kabla ya magharibi, kama ilivyo desturi yao. Mama Saidi, mjane, aliomba jambo moja tu: mwanawe ashuke kaburini ampokee baba yake. Wote wakanigeukia mimi, mwalimu.

Nilileta ramani ya dunia kutoka shuleni, nikaitandaza juu ya mkeka wa matanga, nikaweka rula. Moscow na Dar es Salaam zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa wima. Hata saa zao ni kama zetu. Maili elfu nne na mia tatu hivi. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege.

"Ni safari ya muda wa saa tisa," nikatangaza. "Kesho asubuhi atakuwa hapa."

Shehe alinitazama sana, kisha akakubali.

Jumanne asubuhi nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea. Karani alinieleza kwa upole kwamba hakuna ndege ya moja kwa moja. Abiria hushuka Kairo, hungoja ndege nyingine, nayo hutua Khartoum na Nairobi kabla ya kufika kwetu. Huenda Saidi akafika Alhamisi, huenda Ijumaa.

Nilirudi nikasema ndege imechelewa kidogo.

Sikuwa na sababu ila kiburi. Nilikwisha kutaja saa tisa mbele ya watu wazima, nikaona aibu kuzifuta.

Basi tukaendelea kungoja. Wakaleta barafu ya wavuvi kutoka Kunduchi. Ilipoyeyuka, maji yake yalipita chini ya mlango yakiwa na magamba ya samaki. Udi haukufua dafu. Wanawake walijifunika pua kwa kanga. Mtani wa marehemu, ambaye kwa mila ana ruhusa ya kutania msibani, alisimama mbele yangu: "We Mwalimu! Mzee kachoka kungoja! Hesabu yako imeoza kabla yake!"

Watu walicheka. Nami nilicheka pamoja nao, huku nikijua ninachokijua. Kicheko changu kile kinanichukiza kuliko ile harufu.

Leo asubuhi Shehe hakumwuliza mtu. Jeneza lilitoka mbiombio, wabebaji wamegeuza nyuso pembeni. Aliyeshuka kaburini kumpokea marehemu ni shemeji yake.

Jioni nilikwenda kumpa pole Mama Saidi. Hakunilaumu. Aliniuliza taratibu, "Mwalimu, kwa hesabu yako, mwanangu yuko wapi sasa hivi?"

Nikamjibu, "Amekaribia, Mama."

Hata leo, baada ya yote hayo, nimemdanganya tena.

Kesho, kabla ya kwenda darasani, nitakaa mbele yake nimweleze kwamba tangu Jumanne nilijua, na kwamba mumewe angeweza kuzikwa siku ile kwa heshima. Saidi akifika ataniamkia kama mwalimu wake. Sitaki kuipokea shikamoo yake kabla mama yake hajajua.