Mara Saba kwa Bi Sheikha

Kiponda, Unguja Mjini
Jumatano, 21 Februari 1968

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia mtoto yupo kifuani, kwa hivyo mwandiko ukipinda nisamehe. Eda yako inakwendaje, na mguu umeacha kuvimba? Sisi huku hatujambo. Mkweo Bakar anakuamkia, na mjukuu wako Muhiddin leo katimiza siku ishirini na sita. Kila nikimwita jina hilo namkumbuka Baba, kisha nakukumbuka na wewe umekaa chumbani huko Kizimkazi, huwezi kutoka. Ingekuwa si eda, ungekuwa hapa unanikanda, wala nisingekuwa na haya ya kukuandikia.

Mama, hakuna aliyenambia kuwa kunyonyesha kunauma, hata wewe. Siku ya nne chuchu zote mbili zilipasuka, ya kushoto ikatoa damu. Nilikuwa nang'ata pembe ya kanga kwanza ndipo nimpe, na mara nyingine nikianza kulia kabla yake.

Na kila mtu ana lake. Nesi aliyekuja kutizama kitovu alisema nimpe kwa saa, kila baada ya saa nne, na kabla ya kumpa nijioshe kwa sabuni. Mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, akasema mtoto hana saa, akilia apewe, hata kama ndiyo kwanza kaacha. Mie sikujua nimsikilize nani, nikawasikiliza wote wawili. Nikawa nampa kila akilia, na kila nikimpa najiosha kwa sabuni, mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Ngozi ikakauka, ikakatika kama ya kisigino. Bi Mwanapili akapika mafuta ya nazi akanipaka, akisema yeye kanyonyesha wanane wala jirani hakusikia sauti yake, ila sisi watoto wa skuli ngozi zetu ni karatasi.

Siku ya tisa alilia mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikageuza uso ukutani nisimwone. Nilikuwa nshaazimia kuacha, Bakar akirudi nimtume maziwa ya kopo.

Sasa Biasha, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, hapa simama kwanza. Kama wapo waliokuja kumtizama, subiri waondoke, kisha rudisha mlango.

Mama, yule Bi Sheikha niliyekueleza, ambaye nyumba hii ilikuwa yao, tangu Mapinduzi kabakiwa na chumba cha chini karibu na ngazi, na huku juu ndiko tulikopewa sisi. Bi Mwanapili alinambia tangu siku ya kwanza kuwa na yule ni kuamkiana tu, basi. Siku hiyo Bi Mwanapili alikuwa kaenda msibani Chukwani, akakaa huko siku tatu, na Bakar yuko kazini. Bi Sheikha kasikia kilio, akapanda, akapiga hodi kwenye mlango uliokuwa wake. Akanitizama ninavyomweka mtoto, akasema nampa pindo, ncha tu ya chuchu, na mtoto anataka kanga nzima. Akamchukua anioneshe, maana na yeye ananyonyesha, ana binti wa miezi mitatu, Tamima. Muhiddin alinyonya kwake mpaka akalala mdomo wazi. Sikumzuia. Akaja tena alasiri, na kesho yake, na kesho kutwa, ili mie nipumue. Sabuni alinikataza kabisa. Alinambia nipake tone la maziwa yangu mwenyewe, niache pakauke kwa upepo. Siku ya nne tangu apande kwangu nilimweka mwenyewe, mdomo umejaa, ikauma mwanzo tu, kisha ikatulia. Sasa nampa kila akitaka.

Bi Mwanapili aliporudi kanikuta nshapona. Anawaambia watu wote wa kichochoroni kuwa ni mafuta yake, na wanawake watatu washaleta chupa.

Mama, nilihesabu. Alimnyonyesha mara saba, kila mara mpaka mtoto akaacha mwenyewe. Chuoni kwa Kurani tulisomeshwa kuwa mara tano zinatosha kuleta undugu wa kunyonya. Basi Muhiddin ana mama wa pili na ana dada, na mimi sikumwuliza mtu, si Bakar wala wewe. Sijui nimefanya jema au nimekosa. Asubuhi naona nimemwokoa mwanangu, jioni naona nimemwibia babake. Nilimuuliza Bi Sheikha nimlipe nini, akasema nisimfiche tu binti yake nduguye.

Na hilo sitalificha. Watoto hawa watapanda na kushuka ngazi moja. Nikinyamaza, iko siku watatakana waoane, na dhambi itakuwa yangu. Leo Bakar akishakula nitamwambia. Kisha nitamwambia Bi Mwanapili, lakini kwanza nitampakata mtoto, ashindwe kupiga kelele. Nimetaka lianzie kwako, kwa maandishi na tarehe: ilikuwa Februari 4, 5 na 6. Iweke barua hii pamoja na msahafu wa Baba, ili nikifa asiseme mtu kuwa hakujua.

Ukinijibu, niambie kama nimekosa, nitapokea. Nisalimie Biasha, na majirani wote wanaokushughulikia. Na leo ukimwombea Muhiddin dua, mtaje na Tamima.

Mwanao akupendaye,
Time