Breki za Mteremko wa Goba

Jumamosi, 7 Juni
Mikono bado inanuka grisi. Nimeshinda Temeke kwa fundi Mudi, gari likiwa juu ya jeki, matairi yamevuliwa. Nilitaka aanze na turbo. Kakataa. "Sista, breki kwanza. Mwendo hata jiwe linao likiporomoka." Kaniudhi, ila kasema kweli. Mwezi uliopita breki zilichoka hapa kwenye mteremko wa Goba, tukaishia kwenye ua wa jirani, Mama yuko kiti cha mbele. Tangu hapo anaenda kanisani kwa bajaji. Inaniuma sana.

Jumatano, 11 Juni
Diski mpya, kubwa kama sinia. Kaliper, vile vibano vya breki, za pistoni nne, zimetolewa kwenye gari jingine la Kijapani lililokatwa spea. Mudi hana haraka. Kila nati anaikaza, kisha anaigusa tena kwa kidole. Nimejaribu barabarani: mkanda ulinikaba kifua. Nikacheka peke yangu.

Ijumaa, 13 Juni
Sasa turbo. Presha imepandishwa, egzosi pana. Jamani! Kilima kilichokuwa kinalikohoza gari sasa linakipanda linaimba. Sijui kama karani wa masijala anaruhusiwa kupenda chuma hivi.

Mama kalizunguka, kachungulia ndani ya rimu. Nikamwonyesha: hizi sahani ndizo zinazosimamisha gari. Kasema Jumapili atapanda.

Jumapili, 15 Juni
Hasira. Asubuhi nilitangulia kuweka mafuta. Mteremkoni nikakanyaga breki, gari likateleza tu. Nikashusha gia, nikavuta hendibreki, nikaliingiza kwenye rundo la mchanga wa watu wanaojenga. Nikampigia Mudi, nikamtukana. Akaja. Akapitisha kidole kwenye diski, akanusa. Mafuta ya zeituni.

Mama, aliyenifuata kwa miguu, akainamisha kichwa. Alfajiri alilipaka gari mafuta ya upako: boneti, usukani, na zile sahani zote nne, bila ubahili, kwa kuwa ndizo zinazosimamisha gari. Alilia. Hatukwenda kanisani.

Jumanne, 17 Juni
Pedi mpya za breki. Zile zilikwisha kunyonya mafuta. Diski zimeoshwa. Nimemwomba Mudi radhi, kacheka tu. Akamwamkia Mama: "Shikamoo Mama. Upako paka boneti mpaka ing'ae. Kwenye breki niombee mie fundi." Mama akamwombea kweli, mkono juu ya kofia yake ya kiua. Mudi, Mwislamu wa watu, akaitikia amina. Mtu huyu nampenda.

Jumatano, 18 Juni
Jioni, barabara tupu. Mama kiti cha mbele, mkoba mapajani. Tulishuka taratibu. Katikati ya mteremko akasema, "Simama." Nikakanyaga. Gari likasimama. Akaachia mpini wa mlango aliokuwa ameung'ang'ania.

"Geuza, turudi juu," alisema. "Sasa niendeshe kama unavyoendeshaga."