Hotuba Niliyomwandikia Mjomba

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimemharibia mjomba wangu na yeye bado ananishukuru.

Mjomba ni fundi wa lifti mjini, na mwaka huu shule yetu, ambayo naye alisoma hapo, imemwalika awape nasaha wanafunzi wanaomaliza. Amefika tangu Jumapili, analala sebuleni kwetu, na siku ileile aliniambia, "Profesa," ndivyo anavyoniita kwa sababu ya vitabu, "mimi nikishika kipaza sauti ulimi unakuwa gogo, niandikie wewe," nami sijawahi kuombwa kitu kikubwa namna hiyo, nikajifungia chumbani nikaandika kurasa nzima za "enyi vijana, taa za kesho" na "ufunguo wa mafanikio ni nidhamu", nikaona nimemaliza kazi.

Tatizo ni kwamba mjomba alifeli. Hadithi hiyo huisimulia mwenyewe mezani mpaka tunapaliwa kwa kicheko, jinsi matokeo yalipobandikwa akapanda juu ya tangi la maji la shule akakataa kushuka, hadi babu alipokuja na bakuli la chakula akamwambia, "Shuka ule, kufeli hakushibishi," na jinsi alivyorudia mwaka akikaa na watoto waliomwita Mzee, lakini mimi niliona haifai mbele ya wazazi na walimu, basi nikaandika kwamba alifaulu vizuri kwa juhudi zake. Nilipompa aisome, alipofika hapo alisema, "Kumbe nilifaulu," akacheka kidogo, kicheko ambacho si chake, kisha akaendelea kusoma.

Sasa anaikariri kila asubuhi akinyoa ndevu, hataniani tena na mtu, jana bibi alimwuliza kama ataongeza chai akajibu, "Bila shaka yoyote," bibi akanigeukia, "Mmempa nini huyu?" Nikimwambia aitupe ataona namdharau, nikinyamaza atasimama mbele ya shule nzima aseme uongo wangu, na mwakani ni zamu yangu ya mtihani, kila nikiwaza matokeo tumbo linanikata. Nifanye nini?

Profesa wa Uongo

*

Profesa,

Pole. Sasa weka kalamu chini. Uliombwa umtengenezee mjomba maneno, wewe ukatengeneza mjomba mwingine. Ni kosa, ila ni kosa la mtu anayependa, kwa hiyo nitakugombeza kiasi tu.

Unasema uliwahofia wazazi na walimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nililolisikia ni tumbo lako. Unaogopa kufeli, ukataka kuamini kwamba watu wazima wa maana hawajawahi kufeli, basi ukamfuta mtu pekee hapo nyumbani anayejua kufeli kunaishaje. Na yeye, unadhani anakariri kwa sababu kurasa zako ni tamu? Anadhani unamwonea aibu. Amekubali kusema uongo mbele ya shule yake ili wewe usiaibike. Mtu wa namna hiyo haachwi hivihivi mpaka Jumamosi.

Usimwambie aitupe. Mwambie ukweli, leo, akiwa na povu mashavuni asiweze kukukimbia: "Mjomba, nilikuwa naogopa mtihani wangu, nikakuficha wewe. Naomba usimulie ile ya kwako." Ukisema hivyo hutakuwa umemdharau. Na akikuuliza kama kuna chochote cha kubakiza, mbakizie salamu za kufungulia. Hizo taa za kesho uzizime.

Kuhusu ulimi wake, kaa mstari wa mbele, aongee na wewe kama mnavyoongea nyumbani, wengine wasikilize kwa pembeni. Kati yao yupo ambaye matokeo yatamwendea vibaya. Mjomba wako ameitwa kwa ajili ya huyo, hata kama mwalimu mkuu hajui.

Na mwakani mambo yakikuendea kombo, hutakuwa wa kwanza katika ukoo wenu, na aliyekutangulia unajua pa kumpata.